UZI: Piloti za seri za zamani za anga na maroboti. Unayo ipi kweli, na ipi imekatwa?

Alpha_Birere (Goma)
Wakubwa, hodi humu. Nafungua uzi wa zile seri tunazozijua wote: Cosmos 1999 (Space: 1999), Les Envahisseurs (The Invaders), L'Homme qui valait trois milliards (The Six Million Dollar Man), Galactica (Battlestar Galactica), K 2000 (Knight Rider), Supercopter (Airwolf), V, Star Trek. Lakini tusiishie kwenye "aa, ile ilikuwa tamu". Tuongee piloti tu, na kwa vipimo.

Kwanza tuelewane. Piloti hapa si rubani, na si lazima iwe epizodi namba 1. Ni sampuli. Mtayarishaji anatengeneza moja, anaipeleka kwa kituo cha televisheni, kituo kikiipenda kinaagiza nyingine. Kati ya sampuli na epizodi inayofuata miezi inapita, mara nyingine karibu mwaka. Seti imebomolewa, nguo zimeshonwa upya, mwigizaji amepata kazi kwingine. Ndiyo maana ukitazama piloti unaona mambo hayalingani na unavyoikumbuka seri.

Naanza na Star Trek kwa sababu yenyewe ina piloti mbili. Ya kwanza, "The Cage", ilipigwa mwishoni mwa 1964. Kapteni ni Pike, anachezwa na Jeffrey Hunter. Kituo cha NBC wakaikataa: inafikirisha mno, ngumi chache. Wakafanya jambo la nadra, wakaagiza piloti ya pili. Hiyo ni "Where No Man Has Gone Before", ilipigwa 1965, na ndipo William Shatner anaingia kama Kirk. Katika waigizaji wakubwa, Spock peke yake ndiye aliyevuka kutoka ya kwanza hadi ya pili akiwa na jina lilelile.

Yaya_Katuba (Lubumbashi)
Na bado piloti ya pili haikufungua seri! Iliyotangulia hewani ni "The Man Trap", tarehe 8 Septemba 1966. "Where No Man" ilikuja ya tatu, tarehe 22. Ukiona faili limepangwa kwa tarehe za kurushwa, utaona Kirk wiki ya kwanza yuko na daktari McCoy, wiki ya tatu yuko na daktari mzee mwingine anaitwa Piper, halafu McCoy huyo anarudi kama vile hakuna kilichotokea. Hapo hakuna kilichopotea. Ni mpangilio tu.

Alama za kuitambua hiyo piloti ya pili hata bila jeneriki (majina na muziki wa mwanzo): Uhura hayumo. Sulu hakai kwenye usukani, ni mtu wa fizikia. Kola za nguo ni nene, za mtindo mwingine. Na kaburi ambalo yule rafiki yake aliyegeuka mungu anamchongea Kirk limeandikwa "James R. Kirk". R! Baadaye ndiyo ikawa T ya Tiberius.

Kwa waliotazama ile sauti ya Kifaransa iliyotengenezwa Québec: Sulu mle anaitwa "Zoulou". Msiseme kaseti yenu ni mbovu, ndivyo walivyomtamka.

Dende_wa_Kadutu (Bukavu)
Yaya, umesahau utamu wa "The Cage": Spock anacheka. Meno yote nje. Wanashuka kwenye sayari ya Talos IV, anakuta majani yanayoimba, anayagusa, anatabasamu kama mtoto aliyepewa mandazi. Wakati ule ubaridi wa tabia alikuwa amepewa yule mwanamke msaidizi wa kapteni, aliyechezwa na Majel Barrett. Yule mwanamke alipoondolewa, ubaridi wake ukahamishiwa kwa Spock. Kwa hiyo Spock tunayemjua ni watu wawili walioshonwa pamoja.

Alpha_Birere (Goma)
Sasa namna ya kujua "The Cage" uliyo nayo ni ipi, maana zipo tatu zinazozunguka.

Ya kwanza si yenyewe: wanafunzi wa haraka huchanganya "The Cage" na "The Menagerie". "The Menagerie" ni epizodi ya sehemu mbili ya Novemba 1966, ambapo walichukua piloti iliyokataliwa wakaizungushia kesi ya Spock. Ukiona kapteni Kirk anakaa mahakamani akitazama skrini, hiyo ni Menagerie.

Ya pili ni kaseti ya 1986. Kukata ile Menagerie kulikuwa kumeivuruga negativu ya asili, kwa hiyo walipotaka kuirudisha piloti nzima walichukua vipande vya rangi kutoka Menagerie, na mapengo wakayaziba kwa nakala ya nyeusi na nyeupe ya Gene Roddenberry, mtunzi wa seri. Picha inaruka kutoka rangi kwenda kijivu na kurudi. Haijaharibika, iache.

Ya tatu ni ya rangi mwanzo hadi mwisho, ilionekana kwenye televisheni 1988. Kama unatunza moja tu, tunza hii. Lakini ile ya 1986 mimi nisingeitupa, kwa sababu yenyewe inakuonyesha kwa macho ni wapi mkasi ulipita 1966.

Fundi_Tete (Goma)
Uzi mzuri. Naongeza la dakika, kwa sababu watu wengi wanalalamika "yangu imekatwa" kumbe haijakatwa.

Seri za Marekani zilipigwa kwenye filamu ya picha 24 kwa sekunde. Televisheni za Ulaya, za PAL na za SECAM (mifumo miwili ya rangi) zote, zinaonyesha picha 25. Njia rahisi waliyotumia ni kuikimbiza filamu kidogo. Kwa hiyo nakala ya Kifaransa ni fupi kwa asilimia 4. Zidisha dakika za Marekani kwa 0.96:

dakika 50 → 48
dakika 96 → 92 na sekunde 10
dakika 125 → 120

Na sauti inapanda karibu nusu toni. Kwenye muziki wa jeneriki utaisikia ukiweka nakala mbili pembeni. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu muuzaji, fanya hesabu. Ikipungua 4 kwa 100, ni mwendo. Ikipungua zaidi ya hapo, ni mkasi.

Yaya_Katuba (Lubumbashi)
Hesabu hiyo tuipeleke kwenye Galactica, maana ndiyo inayochanganya watu kuliko zote. Piloti "Saga of a Star World" ilirushwa Marekani tarehe 17 Septemba 1978, saa tatu nzima pamoja na matangazo. Usiku huohuo kituo cha ABC wakaikatiza katikati kuonyesha Carter, Begin na Sadat na mapatano yao ya Camp David, kisha wakaendelea na vita vya anga.

Bila matangazo toleo la televisheni ni dakika 148. Toleo la sinema ni dakika 125. Tofauti si urefu tu. Kwenye sinema msaliti Baltar anakatwa kichwa na Cylons, maroboti adui. Kwenye televisheni anasamehewa, kwa sababu walihitaji adui wa kuendelea naye kila wiki. Basi: Baltar akifa, unayo ya sinema. Baltar akiwa hai mwishoni, unayo ya televisheni. Huhitaji hata kutazama saa.

Kuna na ya tatu: ileile ya televisheni iliyogawanywa vipande vitatu ili iingie kwenye ratiba ya saa mojamoja. Hiyo inakuwa na jeneriki tatu.

Dende_wa_Kadutu (Bukavu)
Trois milliards je? Kwa nini Wamarekani waseme milioni sita na Wafaransa bilioni tatu? Vijana wanadhani Wafaransa walitia chumvi.

Alpha_Birere (Goma)
Hawakutia chumvi, walibadilisha pesa. Kumjenga upya shujaa kwa mashine ni dola milioni 6, na dola wakati ule ilikuwa karibu faranga 5. Hapo unapata faranga milioni 30. Lakini watu wazima Ufaransa walikuwa bado wanahesabu kwa faranga za zamani, na tangu 1960 faranga mpya 1 ni za zamani 100. Milioni 30 mara 100 ni bilioni 3. Kichwa cha seri ni stakabadhi ya kubadilisha fedha.

Piloti yenyewe ni filamu ya televisheni ya tarehe 7 Machi 1973, kutoka riwaya ya Martin Caidin, "Cyborg". Cha kuangalia: Oscar Goldman, bosi wa kwenye seri, hayumo. Bosi ni mtu mkavu anaitwa Oliver Spencer, anachezwa na Darren McGavin. Daktari Rudy Wells ni Martin Balsam, na baadaye daktari huyohuyo alibadilishiwa mwigizaji mara mbili. Ule mlio wa chuma wa mkono wa mashine unapofanya kazi, ule kila mtoto alikuwa anauiga kwa mdomo, kwenye piloti haumo.

Baadaye waliikata sehemu mbili na kuijaza kwa vipande vya epizodi za mbele, ikaitwa "The Moon and the Desert". Ukiona Goldman anaingia mapema, unayo hiyo iliyojazwa.

Na hapa piloti akutane na piloti: ile ndege inayobingirika kwenye jeneriki ni ajali ya kweli. Ni M2-F2, chombo cha majaribio kisicho na mabawa, kilichoanguka California tarehe 10 Mei 1967. Rubani, Bruce Peterson, alinusurika lakini akapoteza kuona kwa jicho moja.

Kiti_cha_Nyuma (Lubumbashi)
K 2000 niachieni mimi.

Piloti: "Knight of the Phoenix", tarehe 26 Septemba 1982, NBC, saa mbili na matangazo. Mwanzoni shujaa ni polisi Michael Long, na sura hiyo si ya David Hasselhoff, mwigizaji mkuu wa seri. Ni Larry Anderson. Anapigwa risasi ya uso, anafanyiwa upasuaji, anaamka akiwa Hasselhoff. Katika sauti ya Kiingereza, hata kabla ya upasuaji anayemsemea Anderson ni Hasselhoff, ili masikio yasishtuke.

Tajiri Wilton Knight, anayechezwa na Richard Basehart, anafariki humohumo kwenye piloti, lakini sauti yake inabaki kwenye jeneriki miaka minne.

Sasa dashibodi. Watu wote wanakumbuka sauti ya KITT, lile gari linaloongea, kama nguzo tatu nyekundu zinazopanda na kushuka. Kwenye piloti hakuna nguzo. Kuna kimraba chekundu kinachomweka tu kama taa ya hatari. Nguzo tatu zililetwa baadaye ndani ya sezoni ya kwanza. Kwa hiyo ukitaka kujua kipande cha dakika mbili ulichotumiwa kimetoka mapema au mbele, angalia hapo kwanza, kabla ya kuangalia nywele za Hasselhoff.

Ile taa nyekundu inayotembea mbele ya gari ni ndugu wa jicho la Cylons wa Galactica. Mtayarishaji ni yuleyule, Glen A. Larson. Hakwenda mbali kutafuta.

Na gari likijiendesha lenyewe: dereva yumo. Kiti cha dereva kilitengenezwa upya kikiwa na uwazi, mtu anakaa ndani yake, mgongo wa kiti unamfunika. Simamisha picha kwenye zile za kando utaona kiti cha kushoto ni kinene kuliko cha kulia.

Dende_wa_Kadutu (Bukavu)
Kumbe jina lako ndiyo hilo, Kiti cha Nyuma 😂

V mnaipita? Hiyo haikuwa piloti kwa mpango, ilikuwa filamu ya usiku mbili, 1 na 2 Mei 1983, ya Kenneth Johnson. Ikafuata "The Final Battle" 1984, halafu seri ya kila wiki ya epizodi 19 ikafa 1985. Watu wanakumbuka kitu kimoja tu: Diana, kiongozi wa wavamizi, anafungua taya na kummeza dende (simbilisi) mzima. Hapa Bukavu ambako dende anafugwa chini ya kitanda na kuliwa kwa ugali, lililotushtua ni kwamba hakumchoma.

Tazama kwa utulivu ile picha. Zipo tatu. Ya kwanza Jane Badler mwenyewe, anayemcheza Diana, akiwa na mnyama mkononi. Ya pili ni kichwa bandia cha mitambo chenye taya linaloshuka kupita kiasi. Ya tatu ni koo linalovimba. Kinachoiuza ni kukata haraka. Ukiisimamisha kwenye ya pili, ngozi ya kichwa bandia haina mng'ao wa jasho na macho hayapepesi.

Alpha_Birere (Goma)
Na Cosmos 1999, wakubwa. Jina langu linanishtaki.

"Breakaway", 1975. Ajali ni tarehe 13 Septemba 1999: taka za nyuklia zilizozikwa upande wa nyuma wa mwezi zinalipuka, mwezi unang'oka na kuondoka na watu 311 wa kituo cha Alpha kilicho juu yake. Kama fizikia, ni uongo mtupu. Mlipuko wa kuutoa mwezi kwenye njia yake ungeupasua kwanza. Lakini kama kazi ya mikono, hakuna iliyoifikia kwa televisheni ya miaka ile. Upigaji wa epizodi hiyo moja ulipita siku zilizopangwa kwa mbali, na mtayarishaji Gerry Anderson ilibidi aandike upya na kupiga tena sehemu zake.

Modeli kubwa ya Aigle, chombo chao cha anga, ilikuwa na urefu wa sentimita 112 hivi, na nyingine ndogo za 56 na 28 kwa picha za mbali. Mvuke wa injini ulikuwa gesi ya freoni inayotoka kwenye mirija midogo.

Siri ya uzito ni mwendo wa kamera. Kitu kidogo kikianguka kinaanguka haraka mno, jicho linajua ni mwanasesere. Kanuni: chukua kipimo cha modeli, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 24. Modeli ya 1 kwa 24: kipeuo ni karibu 4.9, mara 24 ni karibu picha 118 kwa sekunde. Unapiga kwa 120, unaonyesha kwa 24. Vumbi linalochukua sekunde 1 kutua linachukua 5, na hapo ndipo chombo kinapata tani. Gharama yake: kila picha inapata mwanga mara 5 pungufu, kwa hiyo unaongeza taa mara 5, na taa hizo zinayeyusha plastiki ukichelewa kuzizima.

Nyota nazo. Brian Johnson, fundi wa picha za hila, hakupenda kuunganisha kwa maabara kwa sababu kila nakala inaongeza chembechembe. Alipiga chombo kwenye giza jeusi, akarudisha negativu ileile nyuma, akapiga nyota juu yake, akarudisha tena, akapiga mwezi. Filamu ikiteleza kwa upana wa unywele, nyota zinatembea ndani ya chombo na kazi yote inaanza upya. Ndiyo maana picha zake bado ni kali hadi leo.

Yaya_Katuba (Lubumbashi)
Sezoni ya pili ikaharibu. Profesa Bergman akatoweka bila maelezo kwenye epizodi, Maya akaja anageuka wanyama. Mtayarishaji mpya alikuwa Fred Freiberger, yuleyule wa sezoni ya tatu ya Star Trek. Seri mbili, mkono mmoja, na zote mbili zikaishia hapo.

Dende_wa_Kadutu (Bukavu)
Yaya, Maya usimguse. Catherine Schell alikuwa ndiye pekee anayetabasamu kwenye Alpha nzima.

Kiti_cha_Nyuma (Lubumbashi)
Za haraka haraka, msije mkasema zimesahauliwa:

Supercopter: piloti tarehe 22 Januari 1984, mara baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani. Helikopta ni Bell 222. Kwenye seri inaupita mwendo wa sauti. Ya kweli haifiki hata kilomita 300 kwa saa. Sababu ni bawa linalozunguka: upande unaoelekea mbele ncha yake inaukaribia mwendo wa sauti mapema, na upande unaorudi nyuma unakosa upepo wa kuinua. Chombo kinapinduka. Hiyo helikopta baadaye iliuzwa Ujerumani ikawa ya wagonjwa, ikaanguka 1992.

Les Envahisseurs: "Beachhead", tarehe 10 Januari 1967. Epizodi 43 tu. Kidole kidogo kilichokakamaa si cha wavamizi wote, ni kasoro ya baadhi. Shujaa David Vincent angewakamata wote kwa siku moja kama kingekuwa cha wote.

X-Files: piloti ya tarehe 10 Septemba 1993 haina jeneriki ile ya muziki wa mluzi. Wengi wanadhani imekatwa. Hapana, haikuwepo. Na mvuta sigara yumo, hasemi hata neno.

Babylon 5: "The Gathering", Februari 1993, vyombo vya anga vilichorwa kwa kompyuta za Amiga. Toleo la 1993 lina muziki wa Stewart Copeland, la 1998 limehaririwa upya na muziki ni wa Christopher Franke. Tega sikio kwenye dakika ya kwanza.

Firefly: hii si ya zamani sana, lakini ni kituko. Piloti ya saa mbili ilirushwa ya mwisho, tarehe 20 Desemba 2002, seri ikiwa tayari imefutwa.

Bwana_Kaseti (Bukavu)
Nimewasoma wote, asanteni. Swali: kaseti ya VHS ya Cosmos iliyotoka Ufaransa, kwenye deki inatoka nyeusi na nyeupe. Sauti safi. Ni toleo la nyeusi na nyeupe kama ile Cage? Na pembeni mwa mkanda naona kama unga mweupe.

Fundi_Tete (Goma)
Hapana ndugu, Cosmos ilipigwa kwa rangi yote. Kaseti yako ni SECAM na deki yako ni ya PAL peke yake. Inasoma picha, rangi haiijui. Tafuta deki iliyoandikwa SECAM nyuma au kwenye kijitabu.

Lakini usiiweke popote kwanza! Huo unga ni ukungu. Karibu na ziwa kaseti zikifungwa kwenye mfuko wa plastiki hupata hiyo. Ukiicheza, unga unapanda kwenye tete (vichwa vinavyosoma mkanda, vilivyo kwenye ngoma inayozunguka ndani ya deki), na kaseti yoyote utakayoweka baadaye inaambukizwa. Fanya hivi:

Iache mahali pakavu penye hewa siku kadhaa, si juani. Fungua skrubu 5 za chini, kumbuka springi zilivyokaa (piga picha kwa simu). Futa kingo za mizunguko miwili kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye pombe ya isopropili ya 99 kwa 100, kidogo tu. Ile ya duka la dawa ya 70 ina maji mengi, usitumie. Ikauke kabisa, hamishia mizunguko kwenye ganda safi la kaseti nyingine. Ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja, ndipo ucheze.

Tete za deki: karatasi laini au ngozi ya swala yenye pombe, ishike tuli kwenye ngoma, kisha zungusha ngoma kwa mkono. Usisugue juu na chini, utavunja ncha. Pamba ya masikio usiilete kabisa, nyuzi zinanasa.

Ukiihamishia kwenye kompyuta: ukubwa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, na usichuje mistari (deinterlace) wakati wa kunasa, hiyo utafanya baadaye. Kwa faili la aina ya DV ni giga 13 kila saa, andaa diski.

Bwana_Kaseti (Bukavu)
Na umeme ukikatika katikati?

Fundi_Tete (Goma)
Kompyuta ya mkononi itabaki, deki itazima mkanda ukiwa umezungushwa kwenye ngoma. Usivute. Acha mpaka umeme urudi, deki yenyewe itaurudisha ndani na kutoa kaseti. Weka onduleri (kifaa chenye betri kinachotoa umeme ukikatika) kwa ajili ya deki, si kwa kompyuta, na nasa kwa vipande vya dakika 15 ili ukipoteza upoteze kimoja.

Alpha_Birere (Goma)
Ukimaliza hiyo Cosmos, tuambie "Breakaway" yako ni dakika ngapi. Mara 0.96, usisahau.